Nywele ndefu za kipilipili: uzi wa bibi au moto wa saluni?

Msichana akimaliza kidato cha nne, kitu cha kwanza anachokitamani ni nywele. Shule nyingi za serikali hapa Tanzania zinamtaka mwanafunzi anyoe, kwa hiyo wengi wetu tumekaa miaka 11, saba ya msingi na minne ya sekondari, na kichwa kilichohitaji maji na taulo tu. Halafu siku moja unaachiwa. Nywele zinaota, na wewe hujui kuzichana, hujui kuzisuka, hujui hata zinapenda mafuta gani. Hapo ndipo kila mtu anageuka mwalimu. Bibi anakwambia uzi na mafuta ya nazi. Msusi anakwambia weka dawa, unajitesa bure. Rafiki ameona video ya unga fulani kutoka Chad. Jirani ana chupa ya mafuta ya nyonyo anayoapa kuwa imemrudishia nywele za mbele.

Nimepita kwa wote hao. Ni miaka 14 sasa tangu ninyolewe kwa mara ya mwisho. Nywele zangu ni kipilipili cha kweli, kile kinachokwamisha kitana, na ukiunyoosha unywele mmoja wa utosini unafika chini ya bega. Ninaweka hapa ushauri wa kale kando ya ule wa sasa, kimoja kwa kingine, ili mwenye nywele kama hizi achague akijua anachochagua.

Kwanza kipimo. Unywele wa Mwafrika hukua kama milimita 8 kwa mwezi, yaani sentimita 9 au 10 kwa mwaka. Wa singa hukua haraka zaidi. Sijaona mafuta yaliyobadilisha hesabu hiyo kichwani mwangu. Mtu anayelalamika kwamba nywele zake zimekaa pale pale miaka mitatu, nywele zake zinakua kama za wenzake. Shida ni kwamba zinakatika nchani kwa kasi ile ile zinayoota shinani. Ncha ya nywele zinazofika begani ina umri wa miaka mitatu na zaidi. Imeoshwa, imechanwa na kulaliwa mamia ya mara, na haina damu wala uhai wa kujitibu. Kwa hiyo kila ushauri, wa bibi au wa saluni, mimi nauliza swali moja: je, ncha zitabaki?

Uzi au moto

Nilipokuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne nilikaa Tanga kwa bibi. Kila Alhamisi baada ya alasiri aliniita. "Abee, bibi," nikaenda na mkeka. Yeye kwenye kibao, mimi chini, kichwa katikati ya magoti yake. Nywele zimeoshwa asubuhi na bado zina unyevunyevu. Zikiwa kavu kabisa hakuzigusa, na zikiwa zinachuruzika maji hakuzigusa. Anagawa fungu kwa mkia wa kitana. Anachota mafuta kidogo kwa kidole. Anazungusha uzi mweusi shinani mara tatu nne, kisha anashuka nao akizungusha kwa kuacha nafasi nyembamba, na akifika mwisho anaibana mizunguko yote pamoja mpaka ncha haionekani, anapiga fundo, anakata uzi kwa meno. Hapo mwisho ndipo alipokuwa hana haraka. "Ncha ndiyo kongwe, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Ifunike."

Baada ya siku tano ukifungua, nywele zimenyooka, zina ulaini kama pamba, na urefu wake unaushangaa. Kipilipili hujificha. Kikijikunja kinaweza kuficha nusu ya urefu wake au zaidi, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na sentimita 30 kichwani na watu wakadhani zimeanza kuota juzi. Uzi unazivuta zikiwa na unyevu, zikikauka zinashika umbo hilo, na zitabaki nalo mpaka ziguswe na maji tena. Hakuna kilichovunjwa ndani ya unywele.

Pasi ya nywele inafanya kazi hiyo hiyo kwa nusu saa. Ya zamani ilikuwa chanuo la chuma linalowekwa juu ya jiko la mkaa, na kipimo chake kilikuwa karatasi: ikigeuka kahawia, subiri chuma kipoe. Za umeme za leo zina namba, nyingi kati ya digrii 150 na 230, na namba hizo zinawapa watu ujasiri kuliko inavyostahili. Ndani ya unywele kuna maji kidogo. Ukipitisha chuma cha moto wakati nywele hazijakauka, maji yale yanachemka humo humo na kuacha vitundu kama vya povu, na unywele unakatikia pale. Hata ukiwa mkavu, moto mkali ukirudiwa rudiwa unaua mkunjo. Mimi nina shungi la mbele ambalo mwaka mmoja wa pasi za kila Jumamosi lililigeuza kuwa nyuzi zilizolegea, hazijikunji hata zikilowa, na nililazimika kulikata na kuanza upya. Draya iko katikati. Ukiweka upepo wa uvuguvugu na ukaishika mbali, inasaidia. Ukiibandika na chanuo lake kwenye nywele mbichi, ni pasi kwa jina jingine.

Mtu mwenye kazi anauliza: nani ana saa mbili za kusuka uzi kila wiki? Ni hoja ya haki. Uzi unaketisha, na kuna maofisi ambako ukiingia nao unaonekana umetoka kulala. Lakini uzi wa kunyoosha hauhitaji kuonwa na mtu. Mimi nausuka Ijumaa usiku, mafungu makubwa manane au kumi badala ya arobaini, nusu saa inanitosha, Jumapili nafungua na kubana nywele kwa ajili ya wiki nzima. Jumamosi nikitoka, kilemba. Pasi naiachia harusi, mara tatu au nne kwa mwaka, nywele zikiwa kavu kabisa, na napitisha mara moja tu. Kama lengo lako ni urefu, huo ndio uwiano ninaoushauri, na sioni njia ya kuugeuza.

Dawa ya kunyoosha nayo naiweka hapa kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa msichana wa kidato cha nne kabla hajapewa uzi. Dawa hizi zina alkali kali, pH ya 12 na kuendelea, na zinavunja vifungo vilivyoupa unywele umbo lake, moja kwa moja, bila kurudi. Anayeweka na akatunza vizuri anaweza kuwa na nywele ndefu, nimewaona. Ila anaishi na unywele uliodhoofishwa, na kila miezi miwili mitatu anarudia shinani. Mimi niliweka mara moja, saluni moja ya mtaani kwetu. Dawa ikaachwa mpaka nikalia, kisogoni pakachubuka, na baada ya wiki sita nywele za kisogo zilikuwa zinabaki kwenye taulo. Mwaka 2022 Marekani ulitoka utafiti wa wanawake 33,497 waliofuatiliwa kwa miaka karibu 11: waliotumia bidhaa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Ugonjwa wenyewe si wa kawaida, na utafiti wa namna hiyo hausemi kwamba kila aliyeweka ataugua. Kwangu mimi ulitosha.

Mafuta ya nazi au ya nyonyo

Hapa bibi aliwahi kuwa mbele ya maabara. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki kwa wingi, na chembe zake ni ndogo na nyoofu kiasi cha kuingia ndani ya unywele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, yakipakwa kabla ya kuosha na hata baada ya kuosha. Bibi hakujua habari za protini. Alijua kwamba mafuta hupakwa usiku, nywele huoshwa asubuhi. Wengi wetu leo tunafanya kinyume, tunaosha kwanza kisha tunapaka mafuta ili zing'ae, na tunakosa faida kubwa zaidi.

Mafuta ya nyonyo, ambayo watu wa pwani huyaita ya mbarika, ni mazito, yananata, na karibu asilimia 90 yake ni asidi moja, ya risinoliki. Hayaingii ndani kama ya nazi. Yanakaa juu na kuufunika unywele, kwa hiyo yanafaa nchani na kwenye nywele zinazokauka haraka, hasa wakati wa kipupwe au kwa anayekaa nchi ya baridi. Sifa yake ya kuotesha nywele nimeitafutia ushahidi imara bila kuupata. Jirani yangu nywele zake za mbele zilirudi, ni kweli, nilizishuhudia. Pia ni kweli kwamba wiki ile ile aliyoanza kupaka nyonyo aliacha kusuka rasta za kubana.

Kama unachagua moja, chagua nazi, usiku kabla ya kuosha. Kama nywele zako zikipakwa nazi zinakuwa ngumu na kukakamaa, wapo watu wa hivyo, tumia nyonyo kidogo mno nchani au uichanganye na mafuta mepesi. Nyonyo nyingi kichwani nywele zikiwa hazijachambuliwa zinaweza kufungamana kama sufu. Na anayekamua mwenyewe nyumbani aangalie watoto, maana mbegu za mbarika zina sumu kali hata kama mafuta yake hayana.

Neno kwa walioko Arusha, Iringa, Mbeya, Nairobi: mafuta ya nazi yakiganda kwenye chupa hujatapeliwa. Huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Weka chupa kwenye maji ya moto dakika chache.

Kuosha: mche wa sabuni, mkunazi au shampuu

Wa zamani waliosha kwa sabuni ya mche, kisha wakasuuza kwa maji ya ndimu. Kila nusu ya ushauri huo ilikuwa inaitibu nusu nyingine. Sabuni ya mche ina alkali, inalinyanyua ganda la unywele, na kwenye maji ya chumvi ya visima vyetu vya Dar es Salaam inaacha utando mweupe usiotoka. Asidi ya ndimu inaondoa utando na kulilaza ganda. Wajukuu walioendelea na mche wakaacha ndimu ndio wanaolalamika kwamba nywele zao zimekuwa kama fagio. Anayetaka kuendelea na njia hiyo, ndimu moja kwa lita ya maji inatosha, na asitoke juani na maji ya ndimu kwenye ngozi, yanaunguza.

Majani ya mkunazi ni jambo jingine kabisa, na hapa nina upendo wa waziwazi. Yanatwangwa, yanakorogwa na maji, yanatoa povu jepesi la kijani lenye harufu ya nyasi. Kwa Waislamu ni majani yale yale yanayotumika kumuosha maiti, na pwani na Oman wanawake wameyaoshea nywele zao tangu zamani. Yanasafisha bila kuzikausha nywele. Udhaifu wake ni kwamba hayaondoi mafuta mazito, unga wake unabaki katikati ya nywele ukiwa hukuchuja kwa kitambaa, na ukipata wa dukani uliochanganywa na michanga utajuta.

Shampuu laini isiyo na sabuni kali inashinda kwa urahisi, na kwa mwenye mba au anayefanya mazoezi kila siku mimi nampa hiyo bila kusita. Kila wiki au kila siku kumi. Mkunazi naubakiza kwa wiki ambazo sikupaka kitu kizito, na nikiwa na muda wa kuchuja. Lakini chochote utakachotumia, osha nywele zikiwa zimegawanywa mafungu manne ya kusokota. Fundo linalofungwa bafuni linafunguliwa kwa kupoteza nywele.

Ushauri uliotoka mbali

Magazeti ya urembo ya Ulaya ya karne ya 19 yaliwaambia wanawake wapige brashi mara 100 kila usiku. Malkia Elisabeth wa Austria, aliyekuwa na nywele za kufika kwenye vifundo vya miguu, alitumia saa mbili tatu kila siku kuchanwa na kusukwa, na kuoshwa kwake, kwa viini vya mayai na konyaki, kulichukua siku nzima. Kwa nywele za singa zilizooshwa kwa nadra brashi ilikuwa na mantiki: inashusha mafuta ya ngozi ya kichwa mpaka nchani. Kwenye kipilipili mafuta yale hayateremki kirahisi, yanakwama kwenye mkunjo wa kwanza, na kila kona ya mkunjo ni mahali brashi inapovunja. Anayekwambia uchane kila siku ili nywele zikue anakupa ushauri wa kichwa cha mtu mwingine. Sisi tunachambua kwa vidole, kisha chanuo la meno mapana, nywele zikiwa na maji na kondishena, kuanzia nchani kupanda shinani. Yai liache jikoni. Protini yake ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, na ukisuuza kwa maji ya moto linaivia kichwani.

Ule unga wa Chad unaitwa chebe. Wanawake wa Kibasara wanausaga kutokana na mbegu na viungo, wanauchanganya na mafuta, wanaupaka kwenye nywele zilizoloweshwa na kuzisuka humo humo, siku baada ya siku, na nywele zao zinafika kiunoni. Wauzaji wa mtandaoni wanasema unaotesha. Angalia wanavyoupaka: wanakwepa ngozi ya kichwa. Wanapaka urefu na ncha, wanafunika, hawafungui mpaka siku ya kuosha. Ni kazi ile ile ya uzi wa bibi, kwa kitu kingine. Ukiupata halisi na ukaweza kuvumilia kuishi na nywele zenye unga, utumie. Ukishindwa bei yake, nazi na uzi vinakufikisha huko huko.

Usiku

Hapa bibi anashindwa. Alilala na kanga kichwani, na kanga ni pamba: inanyonya mafuta uliyopaka na kuzisugua ncha usiku kucha. Kofia ya satini au ya hariri ni bora, hata mtandio wa satini wa kuufunga. Mimi ninaivaa satini ndani na kanga juu, maana satini peke yake ikifika saa nane iko sakafuni.

Hina isiyochanganywa inaupa unywele rangi ya shaba na uimara kidogo, ingawa inakausha, kwa hiyo siku inayofuata paka mafuta. Ile inayouzwa kama hina nyeusi, mara nyingi ni kemikali ya rangi. Usiiweke kichwani.

Kubana

Urefu pwani haukuwa wa kuonyesha barabarani. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimwachia bintiye utenzi wa mawaidha, na kati ya mambo ya ndani ya nyumba yamo kuoga, kujisinga, kufunga nywele na kutunga asumini. Nywele zilifukizwa udi, zikachomekwa kikuba, zikaonwa na watu wa nyumbani. Nikiwauliza wanawake wenzangu kwa nini wanazitaka ndefu, ukiwapa muda wa kufikiri wengi wanafika pale pale: wanataka kuziachia jioni mlango ukifungwa, kuzishika, kuzinusa. Kwa mtu wa namna hiyo hakuna haraka, na miaka mitatu ya uzi si mirefu.

Lakini kulikuwa na ushauri mmoja wa wazee ambao umetugharimu, nao ni ule wa kumwambia mtoto avumilie. Msuko wa kubana ulisifiwa kuwa ndio safi, ndio unaodumu, na mtoto aliyelia aliambiwa urembo ni udhia. Nywele za panja ndizo nyembamba kuliko zote. Zikivutwa wiki baada ya wiki shina linachoka, mwanzoni zinarudi ukiziacha, baadaye shimo linajifunga na hazioti tena. Hili halichagui kale na sasa. Uzi ukikazwa unang'oa, rasta nzito zinang'oa, wigi lililogundishwa linang'oa. Dalili zinaonekana mapema: vipele vidogo vyeupe kwenye mstari wa mbele, maumivu ukiinua nyusi, kichwa kuuma usiku wa kwanza.

Mwezi uliopita dada yangu aliniletea bintiye wa miaka sita, kasukwa twende kilioni nzuri sana, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Saa nne usiku mtoto alikuwa amekaa kitandani hawezi kulaza kichwa. "Mama mdogo, panauma hapa," akanionyesha juu ya sikio. Nilichukua sindano ya kufumia, nikafungua mistari miwili ya kila upande, nikaloanisha kwa maji ya uvuguvugu na tone la mafuta ya nazi, nikaisokota kwa kulegeza na kuiacha hivyo. Asubuhi alikwenda shule ya awali na mistari ya katikati imekaa vizuri na pembeni misokoto minne mikubwa isiyofanana. Dada akanipigia kulalamika kwamba nimemharibia msuko. Nikamwambia msuko utasukwa tena Ijumaa.